Udongo Uliokuwa Ukishika Maji

Masika mwanangu,

Ni Jumapili, saa tisa za mchana. Wewe na mama yako mmekwenda Kanyaruchinya kumuaga shangazi yako, na mmeniacha hapa mezani na valizi yako ya nguo iliyofungwa nusu. Nimeona niandike kabla hamjarudi. Mkirudi nyumba itajaa watu, nami nitaanza kufanya mizaha, kama ninavyofanya kila ninapokuwa na jambo kubwa kifuani.

Habari za nguo za baridi, chakula cha njiani, karatasi za kuonyesha mpakani Bunagana na namba ya kupiga ukifika Kampala, mama yako amekwisha kukuambia. Kesho asubuhi atakuambia tena, na gari likianza kuondoka atatembea kando yake akuambie mara ya mwisho. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo langu moja, na linahusu ile kaye ya vipimo, daftari letu, uliyoiweka katikati ya nguo ili isikunjamane.

Lakini usije ukafikiri hii ni barua ya huzuni. Najivuna, Masika. Najivuna mpaka watu wamenichoka. Kule tunakojenga nimewaambia wenzangu mara tatu kwamba binti yangu anakwenda kusomea maji ya chini ya ardhi, na mara ya tatu masoni mmoja, mwashi mwenzangu, akaniuliza kama siku hizi maji nayo yanadai diploma ndipo yatoke. Nilicheka pamoja nao. Halafu nikawaeleza mara ya nne.

Mwanzo wa kaye ile hukuuona, kwa hiyo nianzie hapo. Ulikuwa bado shule ya msingi. Unajua hapa Goma mvua ikinyesha, mawe ya volkeno yanaimeza palepale, na mwenye kiu anashuka ziwani na bidoni ya kuchotea. Katika lile bonde dogo nyuma ya Lac Vert mambo yalikuwa mengine. Wamama walichimba visima vifupi, mtu angeweza kusimama ndani na mwenzake akamshika mkono kutoka juu, na walipata maji ya kumwagilia kabichi, seleri na maharagwe hata kiangazi. Visima vilikuwa vitano, viwili juu ya njia na vitatu chini yake. Siku moja akaja bwana wa kilimo wa shirika fulani, kijana mpole mwenye miwani, akatafuta mtu wa kupima maji ya visima hivyo kila Jumamosi, ili wamama wajue kiangazi kinapoanza wana kiasi gani na wanaweza kulima eneo gani. Alinichagua mimi kwa sababu mbili: nilikuwa na mita ya kazi, ile ya utepe, na nilikuwa nimekaa karibu.

Alinionyesha kufunga kipande kifupi cha bomba mwisho wa mita, mdomo wake ukitazama chini. Unakiteremsha polepole, na kikigusa maji kinalia, nawe unasoma namba palepale. Sikio ndilo linalofanya kazi. Nililipenda jambo hilo kuliko nilivyoonyesha. Jumamosi asubuhi, kabla ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kila wiki, wamama walikuwa wakipanga bidoni zao na kungoja, hakuna aliyechota mpaka nimalize, maana ukipima baada ya watu kuchota unapima uchotaji na siyo maji. Walinyamaza ili nisikie. Mimi, ambaye maisha yangu yote nimefanya kazi katikati ya nyundo na kelele, watu ishirini walikuwa wakininyamazia. Wakaniita Papa wa Mita.

Ulipofika miaka kumi na minne ulianza kunifuata wakati wa likizo, na siku ya kwanza tu ukanikosoa. Uliniuliza ninapimia wapi. Nikasema kisimani. Ukasema hapana, kwenye ukingo upande gani, kwa sababu ukingo huu uko juu na ule uko chini kwa upana wa kiganja. Miaka yote nilikuwa nikisimama popote palipokuwa pakavu. Jumamosi iliyofuata ulikuja na rangi nyekundu na ukaweka alama kwenye ukingo wa kila kisima, na Mama Kavira, ambaye kisima chake kilikuwa cha kwanza chini ya njia, akaniambia mbele ya watu kwamba sasa kazi imepata mwenyewe.

Halafu ukachukua namba zangu ukazichora kwenye karatasi ya miraba. Mimi niliziona namba, wewe ulizigeuza mistari. Ulikaa hapa hapa mezani ukanionyesha kwamba mvua kubwa ikinyesha, maji ya visima hayapandi siku ile wala kesho yake, yanapanda siku ya tatu. Nilikuwa nimepima miaka na sikuwa nimeliona hilo. Na wewe ndiye uliyenieleza kwa nini maji yale yapo. Ulisema kwamba chini ya udongo mweusi wa shamba kuna tabaka la udongo wa kijivu, ule wa kunata, na kwamba umekaa kama sahani juu ya kapu la mawe. Mvua inashuka, inakuta sahani, inakaa. Chini ya sahani ni changarawe nyeusi, kavu kabisa, na maji mengine yako mbali sana huko chini ambako hakuna kamba yetu itakayofika. Mwalimu wako wa jiografia alikupa jina lake kwa Kifaransa, nappe perchée, ukalisema mara nyingi wiki ile mpaka mama yako akawa anauliza kama nappe imekwisha kula.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapofika kwenye jambo langu.

Unakumbuka kile kiangazi kirefu, ulipokuwa na miaka kumi na saba, ukiwa humanité ya tano ya sekondari. Mradi wa yule bwana wa miwani ulikuwa umefungwa na yeye amekwisha kuondoka. Kabla ya kuondoka alituambia jambo moja: mkichimba, msipite udongo wa kijivu. Nilimsikia. Nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko mtu yeyote. Maji ya kisima cha Mama Kavira yalikuwa yameshuka hadi kiasi cha kuloweka kikombe, na seleri yake ilianza kulala. Alinijia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na mita, akaniuliza afanye nini. Ningeweza kumwambia kwamba sijui. Nilimwambia tuongeze kina.

Ngoja nikueleze akili yangu ilivyokuwa, siyo kwa kujitetea. Mimi ni masoni wa Goma. Miaka thelathini nachimba misingi, na katika kazi yetu udongo wa kunata ni uchafu. Unautoa wote, unautupa, unaendelea mpaka koleo lilie kwenye jiwe, na hapo ndipo unapoamini kwamba umefika. Nyumba iliyosimama juu ya udongo inapasuka, tunacheka na kusema aliyeijenga alikuwa fundi wa viti. Basi nilipoona ule udongo wa kijivu chini ya kisima, mikono yangu iliutambua kabla ya kichwa changu. Mikono ilisema: toa. Nilikuwa na maelezo yako kichwani, sahani na kapu na kila kitu, na mikono ikayashinda.

Siku ya salongo tulichimba. Mimi ndiye niliyeshuka. Udongo ulikuwa mzito, ukishika koleo, nami nilikuwa nafurahi kwa sababu nilijua chini yake patakuwa pagumu. Chini yake palikuwa na changarawe nyeusi. Ilikuwa kavu, iliingia katika vidole kama mahindi. Nilipanda juu, tukasimama kungoja maji yajae. Nilisikia sauti ndogo, kama mtu anayenyonya chai ya moto, na unajua masikio yangu. Nilijua palepale. Asubuhi kisima kilikuwa kitupu, na baada ya wiki mbili visima viwili vilivyokuwa chini yake navyo vikakauka.

Wiki ileile mlima wetu wa moto ulikuwa ukitikisa ardhi, hata vikombe vya mama yako vililia kabatini. Mtu mmoja pale bondeni akasema ni tetemeko limepasua chini, maji yamekimbia. Wote wakaitikia kwa kichwa. Ni jambo ambalo kila mtu hapa yuko tayari kuliamini, tumelilipia. Nami nikafungua kaye, na kwa mwandiko wangu mzuri, ule ninaoutumia kwenye mambo ya serikali, nikaandika: Tetemeko. Maji yametoka. Maneno matatu. Sikuandika kwamba tulichimba.

Halafu ukaja wewe na karatasi yako ya miraba. Ulikaa nayo siku mbili. Ukaniuliza, na nakumbuka maneno yako yote:

"Papa, tetemeko ilichagulaka bisima namna gani? Bya kule juu ya njia biko na maji tu."

Nami nilikujibu nini?

"Weye mutoto, unajuwa mulima kunishinda miye?"

Ulikunja karatasi yako. Nilishinda, kama mtu mzima anavyomshinda mtoto, kwa sauti. Kutoboa udongo lilikuwa kosa la mikono, na ningeweza kulisamehe kwa mtu mwingine. Hili la pili nililifanya nikiwa nimekaa kwenye kiti, nikijua ukweli, nikimtazama mtu pekee katika bonde lile aliyeuona bila kuambiwa. Miaka mitano hukuniuliza tena. Ukaiamini kaye kuliko macho yako mwenyewe, kwa sababu aliyeiandika alikuwa baba yako.

Mwaka huu ukatetea kazi yako ya mwisho ya chuo. Nilikaa nyuma, na koti la mjomba wako lililonibana makwapa. Nilikuona umesimama mbele ya maprofesa watatu, umeonyesha mistari yetu ukutani, mikubwa, na ule mstari wa Mama Kavira unaoanguka wima kama jiwe. Ukasema tabaka la udongo limepasuliwa na tetemeko. Profesa wa katikati akauliza vipimo hivi vya miaka yote vilichukuliwa na nani. Ukanyoosha mkono ukasema ni papa yangu. Watu wote wakageuka, wakapiga makofi, na mimi nikasimama nikainama kama waziri. Masika, sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sijawahi kutamani kutoroka mahali kama siku ile. Vyote viwili vilikuwa vya kweli kwa wakati mmoja. Hata sasa nikikumbuka ulivyowajibu wale wazee bila kutazama karatasi, nasahau kwanza aibu yangu.

Huenda ningekaa kimya mpaka kufa. Najijua. Kilichonitoa ni ule ukurasa wako wa mwisho, uliowasomea wamama kule bondeni mwezi uliopita. Uliwaambia kwa upole kwamba ufa wa tetemeko hauzibiki, kwamba sehemu ya chini ya njia haitarudisha maji, na kwamba ni afadhali waiache walime juu tu. Walikusikiliza kwa heshima. Wiki iliyofuata wawili wakaanza kuzungumza na watu wanaotafuta viwanja vya kujenga. Nami nilisimama pale na mita yangu, nikaelewa kitu ambacho mtu yeyote angekielewa miaka mitano kabla. Ufa wa mlima hauzibiki. Shimo alilolichimba masoni mmoja kwa koleo, hilo linazibika.

Alhamisi nilikwenda kwa Mama Kavira. Siku hizi analima shamba la kukodi upande wa Sake, kiangazi halimi kitu. Nilimkuta anapalilia, nikamwambia yote nikiwa nimesimama kwenye mtaro. Hakuacha kupalilia mpaka nilipomaliza.

"Papa Masika," akasema, "miye nilijuaka toka ile siku. Niliona ile changarawe. Nilikuwa nangojea useme weye mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini hakunisema. Alisema alimwambia mume wake tu, na mume wake akasema nani atamwamini mwanamke mbele ya Papa wa Mita na kaye yake. Hakuniambia amenisamehe, nami sikuomba aseme. Aliniuliza tu tutaziba na nini. Nikamwambia kwa udongo uleule wa kijivu, uliopondwa na kukanyagwa ukiwa na maji, safu juu ya safu, kama tunavyokanyaga udongo wa matofali. Akasema basi Jumamosi yeye atakuja na majembe, mimi nije na mikono. Nimekwisha kuwapitia wale wawili wa viwanja, nikawaambia nao, na wamekubali kungoja mpaka mvua zipite. Mmoja alinitukana kwa Kinande, vizuri sana, na nilistahili kila neno.

Sasa kuhusu kaye. Usishangae ukifungua ukurasa ule. Sikufuta maneno yangu matatu. Chini yake nimeandika siku tuliyochimba, kina tulichofika, unene wa udongo tuliotoboa kadiri ninavyokumbuka, na kwamba changarawe ilikuwa kavu. Nimeandika kwamba nilisikia maji yakienda. Nimetia sahihi, na tarehe ya leo, siyo ya wakati ule. Ukurasa huo unavunja sehemu ya tatu ya kazi yako, najua. Najua pia kwamba ni kazi hiyo iliyokufungulia mlango wa Kampala, na kwamba utafika huko na kuwaambia walimu wapya kwamba ulichoandika si kweli. Nimekaa na jambo hilo wiki nzima. Nilifikiria nikuache kwanza ufike, uzoee, ndipo nikuandikie. Mama yako, ambaye nilimwambia juzi, alinitazama tu akaendelea kukunja nguo zako, na nikajua nilikuwa natafuta njia nyingine ya kukaa kimya.

Ukiwaambia, wataje mtu. Usiandike kosa la mpimaji, kana kwamba mita ilijikunja. Andika jina langu lote, lile ulilolitaja siku ile wakapiga makofi. Sema alitoboa udongo na akasema uongo. Na kama watauliza nani alikuwa wa kwanza kutilia shaka, andika jina lako na umri wako, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mimi nitafurahi kulisoma.

Sikuambii usiwaamini wakubwa. Ningekuwa mtu wa kuchekesha kusema hivyo katika barua ya baba. Ila kule utakuta watu wanaopima vizuri kuliko mimi, wenye vyombo vinavyosoma maji bila mtu kunyamaza, na baadhi yao watakuwa na sauti kama yangu. Mstari wako ukisema kitu na mkubwa akasema kingine, muulize alikuwa amesimama wapi. Ulinifundisha swali hilo ukiwa na kopo la rangi mkononi, nami nililiogopa tangu siku ile.

Kuhusu shimo letu, nahitaji akili yako kabla hujaondoka. Unene wa kuziba uwe kiasi gani, na je, tuzibe wakati changarawe imekauka au tungoje udongo wa pembeni ulowe. Mimi ningekisia, na umeona kukisia kwangu. Nitapima kila Jumamosi kwenye alama zako nyekundu, visima vyote vitano, hata vile vitupu, na nitakuandikia namba kama zilivyo. Maji yakirudi utajua. Yasiporudi pia utajua, siku hiyohiyo.

Nawasikia mlangoni, mama yako anagombana na mtu juu ya mfuko wa viazi. Barua hii sitaificha katika valizi ili uikute umevuka mpaka na mimi niko salama huku. Nitakupa mkononi kesho asubuhi, kabla ya chai, na nitakaa mbele yako mpaka umalize kuisoma. Ukikasirika, kasirika ukinitazama. Gari linaondoka saa nne, na sisi tunaamka saa kumi na moja, kwa hiyo wakati upo. Uliza yote uliyoyakunja miaka hii mitano. Nitajibu.

Papa yako